MADA YA 7: Kupanda Miche ya Mizabibu na Kuitunza Mwaka wa Kwanza

Mada hii inaanzia kwenye kuchagua eneo la shamba jipya na kuishia pale mzabibu mchanga unapofika kwenye waya wa kwanza. Uchumaji, usindikaji na masoko vimo katika mada zinazofuata.

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza sifa za eneo linalofaa kwa mizabibu;
(b) kuandaa pingili na miche bora;
(c) kukokotoa idadi ya miche, samadi na maji;
(d) kueleza hatua za kupanda kwa mpangilio, ukitoa sababu ya kila hatua;
(e) kueleza jinsi mzabibu mchanga unavyoelekezwa na kupogolewa;
(f) kutambua makosa ya upandaji kwa kutazama dalili zake shambani.

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwenye (d). Wanataja hatua, sababu hawazitoi. Unaposoma mada hii, jiulize "kwa nini?" baada ya kila hatua.

7.1 Mzabibu ni zao la namna gani?

Mkoani Tabora wanafunzi wengi wanaifahamu tumbaku. Mbegu husiwa kitaluni, miche huhamishiwa kwenye matuta, majani huchumwa, kisha msimu unakwisha. Ukikosea nafasi mwaka huu, mwaka ujao unapiga matuta mapya na kurekebisha. Mzabibu haukupi nafasi hiyo, kwa kuwa ni zao la kudumu. Ukitunzwa vizuri hukaa shambani zaidi ya miaka 20, na shimo ulilochimba siku ya kwanza ndilo utakalotegemea miaka yote hiyo. Huwezi kurudi mwaka wa tano kuchanganya samadi chini ya mizizi au kunyoosha mstari uliopinda.

Mzabibu pia ni mmea unaotambaa. Ilinganishe na miembe mikubwa ya Tabora, ambayo historia yake inahusishwa na njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji. Mwembe una shina gumu na unasimama wenyewe. Shina la mzabibu haliwezi kubeba matawi yake, hivyo huhitaji nguzo na waya, pamoja na mkono wa mkulima wa kuuelekeza.

Kwa sababu hizo mbili, yaani kudumu kwake na kutambaa kwake, lengo la mwaka wa kwanza si matunda. Lengo ni kupata mizizi iliyoshuka chini na shina moja lililonyooka. Ukilishika wazo hili, hatua nyingi za mada hii utazikumbuka bila kukariri.

7.2 Mfano wa Dodoma, na maana yake kwa Tabora

Nchini Tanzania zabibu hulimwa zaidi mkoani Dodoma. Kilimo hicho kilianzia kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, kikaenea kwa wakulima wa Mpunguzi, Hombolo, Makutupora na vijiji vingine. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Makutupora, ambacho zabibu ni moja ya mazao yake makuu. Aina ya zabibu nyekundu ya kutengenezea mvinyo inayoitwa Makutupora Red imechukua jina la mahali hapo. Aina nyingine ya mvinyo inayolimwa Dodoma ni Chenin Blanc, ambayo ni nyeupe.

Hali ya hewa ndiyo iliyoipa Dodoma nafasi hiyo. Hupata mvua kidogo, takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kisha kiangazi kirefu chenye jua kali na hewa kavu. Hewa kavu hupunguza magonjwa ya kuvu, na jua huongeza sukari katika zabibu. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya, mkulima huamua mwenyewe wakati wa kuuamsha kwa kupogolea. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara 2 kwa mwaka, wakati Ulaya huvunwa mara 1.

Tuje sasa kwetu. Kanyenye, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Tabora, iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, usiopishana sana na wa Dodoma. Kuna tofauti 3 ambazo mtahiniwa anapaswa kuzieleza:

(i) Mvua. Tabora hupata takribani milimita 900 hadi 1,000, nyingi kati ya Novemba na Aprili. Majani yanayokaa na unyevu kwa muda mrefu hushambuliwa zaidi na ubwiri vinyoya. Kwa hiyo nafasi kati ya mimea isibanwe, na matawi yasiachwe yakajazana, ili upepo ukaushe majani.

(ii) Udongo. Maeneo mengi ya juu yana udongo wa kichanga wenye mboji kidogo, na mara nyingi wenye tindikali. Kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji. Mpunga huupenda udongo huo. Mizizi ya mzabibu hukosa hewa ndani yake na kuoza.

(iii) Historia ya shamba. Shamba lililolimwa tumbaku kwa misimu mingi linaweza kuwa na minyoo fundo, ambayo hushambulia pia mizizi ya mizabibu. Shamba jipya lililofyekwa msituni nalo huwa na visiki, na visiki ni chakula cha mchwa na makazi ya kuvu wa kuozesha mizizi.

Je, mkulima wa Tabora anaweza kupanda mizabibu? Anaweza, ila asinakili ratiba ya Dodoma neno kwa neno. Swali likitaja mahali, lijibu kwa hali ya mahali hapo.

7.3 Kuchagua na kuandaa eneo

Eneo linalofaa liwe na sifa hizi:
- udongo wenye kina cha angalau mita 1, usio na mwamba wala tabaka gumu karibu na juu;
- udongo usiotuamisha maji;
- kiwango cha pH kati ya 5.5 na 7; udongo wenye tindikali zaidi ya hapo huwekwa chokaa ya kilimo kabla ya kupanda;
- jua la kutosha kutwa nzima, mbali na kivuli cha miti mikubwa;
- chanzo cha maji cha kutegemewa wakati wa kiangazi.

Ili kupima utuamishaji bila vifaa vya maabara, chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, liache linywe, kisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakibaki hadi kesho yake, eneo hilo halifai, au linahitaji mifereji ya kutoa maji.

Ondoa visiki pamoja na mizizi yake na vichuguu pamoja na malkia wake. Kama shamba lilikuwa la tumbaku, ng'oa mabua yaliyobaki na uchunguze mizizi yake. Ukiona vinundu, hiyo ni dalili ya minyoo fundo. Katika hali hiyo panda kwanza, kwa misimu kadhaa, mazao yasiyoshambuliwa sana na minyoo hiyo, au tafuta eneo jingine. Kupanda mizabibu hapo mara moja ni kuipeleka miche kwenye ugonjwa.

7.4 Kupima mistari

Mistari ikipinda, waya nao utapinda. Anza kwa kupata pembe mraba kwenye kona ya shamba kwa kutumia kanuni ya Pythagoras. Pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe yako ni nyuzi 90.

Kwenye eneo tambarare, mistari ielekee kaskazini–kusini ili pande zote mbili za mstari zipate jua, moja asubuhi na nyingine jioni. Kwenye mteremko, fuata kontua ili maji ya mvua yasibebe udongo. Maelekezo haya mawili yakigongana, kontua ndiyo ya kufuata, kwa sababu udongo ukishabebwa haurudi.

Nafasi hutegemea aina ya zabibu na mfumo wa nguzo. Katika mada hii tunatumia mita 3 kati ya mistari na mita 2 kati ya miche.

Idadi ya miche = eneo la shamba ÷ (nafasi kati ya mistari × nafasi kati ya miche)

Mfano. Mkulima wa Kanyenye ana shamba la mita 60 kwa mita 42. Atahitaji miche mingapi?

Eneo = 60 × 42 = mita za mraba 2,520
Nafasi ya mche mmoja = 3 × 2 = mita za mraba 6
Idadi = 2,520 ÷ 6 = miche 420

Hakiki kwa kuhesabu mistari. Mstari wa kwanza ukiwa mita 1.5 kutoka mpakani, upana wa mita 42 utapata mistari 14 (42 ÷ 3). Mche wa kwanza ukiwa mita 1 kutoka mpakani, urefu wa mita 60 utapata miche 30 kwa kila mstari (60 ÷ 2). 14 × 30 = 420. Majibu yanalingana.

Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kujazia itakayokufa: 420 + 42 = miche 462. Swali likisema "pamoja na ya kujazia", ukaishia kwenye 420, unapoteza alama ya mwisho.

7.5 Kuandaa miche

Mizabibu haipandwi kwa mbegu katika kilimo cha biashara. Mche utokanao na mbegu haufanani na mama yake na huchelewa kuzaa. Hutumika pingili, yaani vipande vya tawi.

Hatua za kuandaa pingili:

1. Chagua mzabibu mama wenye afya na unaozaa vizuri. Tawi bovu huhamisha ugonjwa kutoka shamba la zamani hadi jipya.

2. Kata tawi lililokomaa la msimu uliopita, lenye rangi ya kahawia na unene wa penseli. Tawi la kijani halijahifadhi chakula cha kutosha na hunyauka kabla ya kutoa mizizi.

3. Kila pingili iwe na macho 3 hadi 4 na urefu wa takribani sentimita 25 hadi 40.

4. Mkato wa chini uwe mnyoofu, chini kidogo ya jicho, kwa kuwa mizizi hutoka kwa wingi karibu na jicho. Mkato wa juu uwe wa mshazari, takribani sentimita 2 juu ya jicho, mteremko ukielekea upande usio na jicho ili maji yasitiririkie juu yake. Mikato hii miwili pia hukuonyesha ncha ipi ni ya chini, maana pingili ikigeuzwa kichwa chini haistawi.

5. Chomeka pingili kwenye kiriba chenye mchanganyiko wa udongo, mchanga na mboji. Acha jicho 1 au 2 juu ya udongo. Weka kivuli na mwagilia bila kulowesha kupita kiasi.

Majani yakitoka usifurahi upesi. Macho yanaweza kuchipua kwa kutumia chakula kilichohifadhiwa ndani ya pingili, huku chini hakuna hata mzizi mmoja. Mche uko tayari kwenda shambani pale mizizi inapofika chini ya kiriba. Wiki chache kabla ya kuuhamisha, punguza kivuli kidogo kidogo ili uzoee jua.

Kuna pia miche iliyobebeshwa, ambapo tawi la aina bora huunganishwa na shina la chini la aina nyingine inayostahimili wadudu wa udongoni. Njia hii ilienea Ulaya katika karne ya 19 baada ya mdudu filoksera kuteketeza mashamba mengi ya Ufaransa. Mizizi ya mizabibu ya Marekani ilimstahimili mdudu huyo, hivyo matawi ya Ulaya yakabebeshwa juu yake.

Anayechukua miche Dodoma na kuisafirisha kwa treni au barabara kupitia Manyoni na Itigi hadi Tabora ainunue kwenye kitalu kinachotambulika, aifunike isipigwe na upepo, na asiiache juani kituoni. Akichukua pingili badala ya miche, azifunge kwenye gunia bichi.

7.6 Kuchimba na kujaza mashimo

Chimba mashimo wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Ukubwa uwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Mizizi michanga huenda palipo rahisi. Katika shimo dogo huzunguka ndani kama iko kwenye chungu, na kiangazi kikifika hukosa maji yaliyoko chini.

Tenga udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe 1 la samadi iliyooza vizuri, kisha urudishe kwanza, sehemu ya chini ya shimo. Udongo uliotoka chini, usio na rutuba, uweke juu, ambako utaendelea kuongezewa mboji kwa miaka ijayo.

Samadi mbichi isitumike, kwani inapooza hutoa joto linalounguza mizizi na huvuta mchwa. Baada ya kujaza, acha shimo wiki 2 hadi 4 ili udongo utulie, na weka kigingi katikati. Mche ukipandwa kwenye udongo ambao haujatulia, huzama baada ya mvua, na shina likajikuta chini ya usawa wa shamba.

Hesabu ya samadi: mashimo 420 × debe 1 = madebe 420. Mkokoteni wa ng'ombe ukibeba madebe 25, safari ni 420 ÷ 25 = 16.8, yaani safari 17. Safari hazikatwi vipande, kwa hiyo kadiria kwenda juu.

7.7 Siku ya kupanda

Wakati. Panda mvua zinapokuwa zimeshika. Tabora mvua za kwanza huweza kunyesha siku mbili, kisha jua likarudi. Fukua udongo, na ukiona umelowa hadi kina cha sentimita 30, panda. Panda jioni, au siku ya mawingu.

Hatua za kupanda:

1. Mwagilia miche saa chache kabla, ili udongo ushikamane na mizizi.
2. Fukua kwenye kigingi kijishimo kinachotosha kiriba.
3. Chana kiriba kwa wembe na ukiondoe chote. Kiriba hakiozi.
4. Kagua mizizi. Iliyojizungusha ikatwe ncha, la sivyo itaendelea kuzunguka na baadaye kukaba shina.
5. Simamisha mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Mche uliobebeshwa, kiungo chake kibaki juu ya udongo. Kikifunikwa, tawi la juu litatoa mizizi yake lenyewe, na faida ya shina la chini itapotea.
6. Rudisha udongo na ushindilie kwa mikono ili kuondoa mifuko ya hewa. Usikanyage kwa kisigino, utakata mizizi.
7. Tengeneza kisahani kuzunguka mche na umwagilie debe 1, yaani lita 20, hata kama mvua imenyesha. Maji haya huusukuma udongo ukagusana na mizizi.
8. Pogolea mche ubaki na macho 2. Mizizi iliyopungua wakati wa kuhamisha haiwezi kulisha majani mengi.
9. Simika kijiti cha kuegemea.
10. Weka matandazo, yakae sentimita 10 mbali na shina. Yakigusa shina huozesha gome, na nyasi kavu huwa daraja la mchwa. Kagua chini ya matandazo kila wiki.

Hatua ya 8 huwasumbua wakulima wengi. Mtu amenunua mche mrefu wenye majani, kisha anaambiwa aukate. Eleza sababu yake kwa utulivu ukiulizwa. Usipoukata, utabaki na vijitawi vingi vyembamba. Ukiukata, nguvu zote zitaingia kwenye chipukizi moja au mawili imara.

7.8 Mwaka wa kwanza shambani

Kujazia. Baada ya wiki 3 hadi 4, badilisha miche iliyokufa ndani ya msimu uleule. Ukijazia mwaka unaofuata, mche mdogo utafunikwa na majirani zake.

Kuelekeza. Chipukizi zikifika takribani sentimita 20, chagua 1 iliyo imara na iliyonyooka, ondoa nyingine. Ifunge kwenye kijiti kwa kamba laini, kwa mzunguko wa namba 8, ili shina lisisuguane na kijiti wala lisikabwe linaponenepa. Ondoa vijitawi vya pembeni mpaka shina lifike waya wa kwanza, ambao huwa takribani mita 1 kutoka ardhini. Hapo kata ncha yake. Macho ya karibu na mkato yatachipua, nawe uchague matawi 2, moja kushoto na moja kulia, yalale juu ya waya. Hayo ndiyo mikono ya mzabibu.

Maua. Yakitokea mwaka wa kwanza, yaondoe. Mzabibu mchanga ukibeba matunda hunyima mizizi chakula. Mavuno ya maana huanza mwaka wa pili au wa tatu.

Palizi. Palilia juujuu karibu na shina, kwa kuwa jembe likizama hukata mizizi. Katikati ya mistari unaweza kupanda mazao mafupi kama maharage. Usipande mahindi, ambayo hutia kivuli.

Magonjwa. Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe juu ya majani na zabibu. Ubwiri vinyoya huanza na madoa ya njano juu ya jani na ukungu mweupe chini yake, hasa wakati wa mvua. Wengi huyachanganya, basi kumbuka kuligeuza jani. Kinga ya kwanza ni hewa kupita kati ya matawi. Dawa itumike kwa ushauri wa afisa ugani.

Maji. Hili ndilo huamua kama shamba litafika mwaka wa pili. Mche uliopandwa Desemba una miezi michache tu ya mvua, kisha unakutana na kiangazi cha Mei hadi Oktoba. Tuchukue kwamba kila mche unapewa lita 10 mara 2 kwa wiki:

420 × 10 × 2 = lita 8,400 kwa wiki
8,400 × wiki 26 = lita 218,400 kwa kiangazi chote

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mkulima ajue lita hizo zitatoka wapi. Kama kisima chake kinatosha miche 100, apande 100 ipone. Akipanda 420, atagawa maji kidogo kidogo mpaka yote inyauke. Umwagiliaji wa matone, kama uliowekwa katika shamba la Chinangali II wilayani Chamwino, hupunguza upotevu wa maji kwa kuyapeleka kwenye mizizi. Kwenye udongo wa kichanga mwagilia mara nyingi zaidi kwa kiasi kidogo. Kwenye mfinyanzi, mwagilia mara chache kwa kiasi kikubwa.

7.9 Makosa na dalili zake

| Dalili shambani | Kosa linaloweza kuwa chanzo |
|---|---|
| Mche umechipua kisha ukanyauka ghafla | Ulihamishwa kabla ya kupata mizizi |
| Majani ya njano, mizizi myeusi inayonuka | Udongo unatuamisha maji |
| Mche umedumaa, mizizi ina vinundu | Minyoo fundo. Historia ya shamba haikukaguliwa |
| Shina limezama chini ya usawa wa shamba | Shimo halikuachwa litulie |
| Vijitawi vingi vyembamba, hakuna shina | Mche haukupogolewa wakati wa kupanda |
| Gome limeliwa karibu na udongo | Matandazo yamegusa shina, mchwa |

7.10 Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mche wa mzabibu hupogolewa ukabaki na macho 2 siku ya kupandwa. (alama 3)

2. Shamba lina urefu wa mita 90 na upana wa mita 48. Nafasi ni mita 3 kwa mita 2. Kokotoa (a) idadi ya miche. (B) idadi ya miche pamoja na asilimia 10 ya kujazia. (C) lita za maji zitakazotumika siku ya kupanda kwa debe 1 la lita 20 kila mche, bila kuhesabu ya kujazia. (alama 6)

3. Mkulima wa Kanyenye anataka kupanda mizabibu kwenye shamba alilolima tumbaku kwa miaka 8. Mpe ushauri wa mambo 4 kabla hajapanda. (alama 8)

4. Tofautisha mkato wa juu na wa chini wa pingili, ukitoa sababu. (alama 4)

Majibu

1. Mizizi hupungua wakati wa kuhamisha (1). Majani mengi yangepoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kufyonza (1). Kupogolea huelekeza nguvu kwenye chipukizi moja au mawili imara, ambapo shina litapatikana (1).

2. (a) 90 × 48 = 4,320; 4,320 ÷ 6 = miche 720. (b) 720 + 72 = miche 792. (c) 720 × 20 = lita 14,400.

3. Jibu dhaifu: "Aandae shamba vizuri, atafute miche bora, apalilie na amwagilie." Haya yanafaa kwa zao lolote na hayagusi tumbaku wala Tabora, kwa hiyo hayapati alama kamili.
Jibu zuri: Ang'oe mabua ya tumbaku na kukagua mizizi kama ina vinundu vya minyoo fundo, kwa kuwa hushambulia pia mizabibu (2). Apime tindikali na, ikihitajika, aweke chokaa ya kilimo kabla ya kupanda (2). Achimbe mashimo ya sentimita 60 wakati wa kiangazi na kuweka samadi iliyooza, kwa kuwa udongo wa kichanga uliolimwa muda mrefu una mboji kidogo (2). Ahakikishe ana chanzo cha maji cha Mei hadi Oktoba, na idadi ya miche ilingane na maji hayo (2).

4. Mkato wa chini ni mnyoofu, chini kidogo ya jicho (1), kwa sababu mizizi hutoka kwa wingi hapo (1). Mkato wa juu ni wa mshazari, sentimita 2 juu ya jicho (1), ili maji yatiririke mbali na jicho na mpandaji ajue ncha ya juu (1).